Kusi lenu lini?

Jumanne usiku mdogo wangu alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika kumi na moja. Huyu ni mtoto ambaye ujumbe wake wa kawaida hauzidi sekunde nne: "Dada, nirushie elfu tano." Nilipoona dakika kumi na moja nikajua ama kuna msiba ama anaoa. Nikakaa kitako barazani, simu sikioni, upepo unaubamiza mlango wa nyuma, nikasikiliza.

Haoi. Anataka kuhamia shamba, yeye na wenzake sita, waishi pamoja, walime pamoja, wale sufuria moja na pesa ziingie mfuko mmoja.

Baadhi yao nawajua. Wanne wamepanga vyumba viwili Kianga, huko Unguja, na watatu waliobaki wanalala kwao lakini kutwa wako pale pale, viatu vyao vimejaa mlangoni utadhani ndani kuna hitima. Mmoja anaendesha bodaboda. Mmoja ni mpishi wa hoteli pwani ya mashariki, na kila mwezi wa nne wageni wakipungua anarejeshwa nyumbani kwa ahadi ya "tutakupigia". Mmoja kamaliza chuo mwaka juzi, vyeti vyake vimo ndani ya faili la plastiki la buluu ambalo hulibeba hata akienda kunyoa. Mwenye nyumba wao anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Wamekaa, wamepiga hesabu, wakaona kumbe tayari wanaishi bia (bia ya kushirikiana, si ile ya chupa), ila wanaishi bia kwa bei ya mjini. Hapo hawakukosea.

Kilichowatia moto zaidi ni video. Wameona mambo ya Twin Oaks, jimbo la Virginia, Marekani: watu kama mia moja wanaishi pamoja, pahala penyewe pameanza tangu 1967, mshahara hakuna, kila mtu anatakiwa atimize saa 42 hivi za kazi kwa wiki. Na ndani ya saa hizo kupika kunahesabiwa, kulea watoto kunahesabiwa, sawasawa na kusuka zile bembea za kamba walizokuwa wakiuza. "Dada, unasikia? Kuosha masufuria ni saa!" Alivyolitamka, utafikiri mwenyewe kashawahi kuosha sufuria.

Mwisho akalitoa lililomleta. "Nyie si mlishawahi kufanya? Tupe ramani."

Mie sijawahi kuyaandika haya. Tukikutana watu wa lile shamba tunaulizana watoto, tunaulizana wazee, la shamba halitajwi. Lakini dakika kumi na moja za mdogo wangu zinadai jibu, na jibu lenyewe haliingii katika ujumbe wa sauti.

Tulikuwa wanane, mwaka 2016. Wanaume watano, wanawake watatu. Ndani yake ndoa mbili, na kaka yangu mkubwa alikuwemo, kwa hiyo mie nilikuwa na mahramu wangu na watu wakakosa la kusema. Wote tulikuwa tumemaliza masomo na hatuna kazi. Shamba lilikuwa la baba mdogo wa mmoja wetu, huku Pemba, njia ya Konde, eka tatu alizopewa babu yao baada ya Mapinduzi. Kwa wasomaji wa Bara: vijiji vya ujamaa vilikuwa mambo yenu. Huku ardhi ilitaifishwa baada ya 1964 ikagawiwa watu eka tatu tatu, na mpaka leo mzee akikwambia "eka yangu" usidhani anazungumzia eka moja.

Baba mdogo alitupokea vizuri. Akatuzungusha mipaka, akatuonyesha kisima, akatupa sharti moja tu. "Limeni mnachotaka. Mti msipande."

Tulicheka tulipokuwa peke yetu. Tulikuwa wasomi, tukaona ni uzee. Lakini kila aliyelelewa shamba huku anajua kwamba ardhi ni mali moja na mti ni mali nyengine. Bibi yangu alikuwa na mikarafuu mitatu katika shamba ambalo halikuwa lake, akiichuma yeye, na alipofariki ikarithiwa. Mtu ukimuazima pahala, atapanda muhogo, atapanda tungule (nyanya), hata migomba hatokatazwa. Akisimamisha mnazi au mkarafuu, huyo haazimi tena. Kapanda madai.

Wiki ya pili akaja sheha, kiongozi wa serikali pale mtaani, daftari kwapani. Tukamtandikia mkeka, tukampa chai ya rangi. Akauliza hapa pana kaya ngapi. Moja, tukamjibu, kwa fahari kabisa. Mkuu wa kaya nani? Tukatazamana. Mmoja wetu, aliyekuwa msemaji, akaeleza kwamba hapa hakuna mkuu, mambo yote tunaamua kwa pamoja. Sheha akamsikiliza mpaka mwisho, akaitazama kalamu yake, akasema: "Bwana, mie hapa nina mstari mmoja, na siwezi kuuwacha wazi." Tukamuandikisha kaka yangu, kwa kuwa ndiye mkubwa kwa umri. Si mstari tu! Yule mwenye duka la pembejeo, ambaye tulimkopa mbolea na dawa za tungule, alipotutafuta baadaye asituone, alikwenda kwa sheha, na sheha akafungua daftari. Kaka yangu alilipa deni la watu wanane peke yake kwa mwaka mzima. Hajanisimanga hata siku moja. Afadhali angenisimanga.

Lakini hayo ni ya mwisho. Mwanzoni kulikuwa kuzuri, na nisidanganye nikayafanya yote kuwa machungu. Kuna usiku wa mwezi tulimwagilia miche kwa zamu huku mmoja anasoma kasida na wengine tunaitikia, na nikahisi kwamba sitaki kuishi maisha mengine. Tungule za kwanza zilitoka nyingi mpaka tukashangaa. Na kila mtu wa Ole na Konde zake zilitoka wiki hiyo hiyo, bei ikaanguka, tukala mchuzi wa tungule, kachumbari ya tungule na tungule za kukaanga mpaka kuku wakazisusa.

Kilichotuanza ni jikoni.

Karatasi ya zamu niliichora mie mwenyewe kwa rula, nikaibandika ukutani juu ya mafiga. Siku saba, majina manane, kila siku wawili wapike. Mwezi wa kwanza ikafuatwa. Wa pili zikaanza: nimeitwa Chake, mkono una jeraha, niwekee yangu nitafidia kesho. Kisha mmoja akagundua dawa kubwa zaidi, nayo ni kupika vibaya. Wali chini mkaa, juu kiini. Mara mbili tu, na sote tukamuomba kwa heshima zote asisumbuke tena. Mwezi wa nne tunapika wanawake watatu. Siku moja nimesimama na mwiko mkononi nikaitazama ile karatasi. Moshi umeigeuza rangi ya chai. Majina yetu sie wanawake yalikuwa yamefutika nusu kwa vidole vya mafuta, maana kila asubuhi tulikuwa tunagusa pale kuangalia leo nani. Majina ya wanaume yalikuwa masafi, kama yameandikwa jana.

Hapo nikamkumbuka babangu, Mungu amrehemu. Alikuwa mvuvi wa Wesha. Nyumbani hakuwahi kufunua kifuniko cha sufuria. Akiona kiu anaita mtoto. Lakini kaskazi, upepo wa Desemba mpaka Machi, ikiingia alikuwa akienda dago Misali, na huko dago babangu alikuwa akipika. Mamangu aliposikia mara ya kwanza hakuamini. Akamuuliza, "Wewe? Ugali?" Akajibu, "Dago hakuna mke wa mtu."

Wasiojua dago: wavuvi huacha kwao wakapiga kambi kisiwani au pwani ya mbali, wiki kwa wiki, wakala pamoja na kulala pamoja, mpaka kusi, upepo unaoanza mwezi wa nne, livunje kambi. Misali ni maarufu kwa hilo. Ndicho kile kisiwa ambacho wazee husema kilikuwa msala wa Nabii Khidhri. Katika dago la babangu samaki wakishauzwa yanatolewa kwanza mafuta na chakula. Kinachobaki kinakatwa mafungu: chombo kina fungu lake, nyavu zina fungu lake, na kila baharia lake. Na aliyebaki nchi kavu siku hiyo kwa ajili ya moto na maji anapata fungu sawa na aliyekuwa baharini. Hawakuwa na video, hawakuwa na saa 42, na kuosha sufuria kulihesabika.

Niliwahi kumuuliza kama walikuwa hawagombani. Akacheka. "Tukigombana mno. Lakini mtu utamgombeza vipi mpaka mwisho, na unajua kusi likianza kila mtu kwao? Na kaskazi nyengine utamtaka?"

Maneno hayo aliniambia mwaka 2015, kabla hatujahamia shamba, na mie sikuyasikia. Nilisikia hadithi ya mzee.

Shamba letu lilivunjika 2018. Mmoja wa wale wake wawili alipata ajira ya ualimu Unguja. Habari njema, tukapika biriani. Kesho yake mumewe akauliza kwa adabu kuhusu chao. Wao wawili walikuwa wametoa laki sita kwenye pampu na tangi la maji, na vyote pamoja viligharimu milioni moja na laki nne. Pampu haikatwi kwa msumeno. Pesa taslimu hatuna. Wakaniomba daftari, kwa sababu mshika fedha nilikuwa mie.

Hili nalisema wazi kwa kuwa ni langu. Miezi mitano ya mwanzo daftari lile lilikuwa zuri, unaweza kulisomesha. Baadaye nikaanza kuona kwamba kuandika chumvi ya mia tano ni kutoaminiana, sie ni ndugu. Nikawa naandika mwisho wa mwezi. Kisha nikawa naandika nikikumbuka. Kuna ukurasa una mstari mmoja tu: "matumizi madogo madogo, 85,000". Shoga yangu, yule aliyepata ajira, aliuwekea kidole mstari ule, akaninyanyulia macho, hakusema kitu. Mpaka leo sijui elfu themanini na tano zile zilikwenda wapi. Sikuziiba. Lakini ukishafika pahala unatakiwa useme kwamba hukuiba, basi umechelewa.

Pampu tuliiuza nusu bei.

Na miti? Tulipanda. Mmoja wa wale makapera alileta miche kumi na mbili ya michungwa ya kubebesha, akaitia mpakani, mwanzo kimya kimya, kisha sote tukawa tunaimwagilia. Baba mdogo alipokuja kututembelea akapita nayo mmoja mmoja, akiigusa kwa bakora kama anayehesabu mbuzi. Hakutugombeza. Akanywa maji, akaaga. Wiki iliyofuata mwanawe akaja kusimamisha kibanda upande wa pili wa shamba, na sote tukajua tumejibiwa.

Sasa mie ni mwalimu wa historia, na kosa la walimu wa historia ni kwamba tukiumia tunakwenda kutafuta wengine walioumia. Nimetafuta. Kule Litowa, karibu na Songea, vijana wa TANU walianzisha kijiji cha kulima na kuishi bia mwanzoni mwa miaka ya 1960, kabla ya Azimio la Arusha. Wakaungana na vijiji vyengine, wakawa Ruvuma Development Association, na Nyerere mwenyewe aliwapenda kama mfano wa alichokuwa akikihubiri. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ikakivunja chama chao. Wale hawakuvunjwa na sufuria wala daftari. Walivunjwa na wakubwa, na hiyo ni habari nyengine.

Waliofanana na sie ni wale wa The Farm, jimbo la Tennessee, Marekani. Walitoka San Francisco kwa msafara wa mabasi, 1971 wakatulia, kila kitu bia, wakaongezeka mpaka wakapita elfu. 1983 madeni yakawabana, wakabadilisha: kila mtu mzima atoe chake kila mwezi, ajitegemee. Wengi wakaondoka. Waliobaki wapo mpaka leo. Nilipoyasoma hayo nilimfikiria mtu mmoja aliyeingia pale kijana, akatoa alichonacho chote, akaondoka na mkoba. Kusi liliwapiga bila kulitarajia.

Maana huku kwetu, ukitazama, kila jambo la bia lina siku yake ya kuvunjika, na hakuna anayeona haya. Dago linavunjwa na upepo. Kambi ya karafuu inavunjika mavuno yakisha. Watu wametoka mbali, wamelala banda moja, wamechambua pamoja usiku mpaka vidole vikawa vyeusi, wamelipwa kwa pishi, kwaherini. Upatu ukimaliza mzunguko umekwisha. Na kikundi cha hisa cha mamangu, wale wanawake ishirini na kitu wenye sanduku la kufuli tatu: kila wiki wanahesabu kwa sauti, kila kitabu kinagongwa muhuri mbele ya wote, na mwaka ukiisha wanagawana mpaka shilingi ya mwisho. Sanduku linageuzwa juu chini, linapigwa makofi mgongoni. Wiki inayofuata wanaanza upya, wale wale. Ila yule aliyewachosha mwaka uliopita haitwi. Hafukuzwi, hasemwi. Haitwi tu.

Sie wanane tulisema milele. Kwa hiyo aliyetaka kuondoka hakuwa na mlango isipokuwa wa ugomvi, na yule shoga yangu, ambaye hakumkosea mtu, akaonekana msaliti kwa sababu ya ajira.

Mdogo wangu nilimjibu kwa sekunde nne: "Njooni Pemba tuzungumze." Jumamosi wakaja kwa boti, yeye na wawili, yule wa bodaboda na yule mpishi. Mamangu akawapokea, akauliza kuna nini, wakamwambia wanataka kufanya kambi ya vijana ya kilimo. Bi mkubwa akanyamaza kidogo. "Kambi?" Watu wa umri wake hizo kambi za vijana za baada ya Mapinduzi wanazikumbuka, na vijana, kambi na jembe vikikaa pamoja katika maneno yako, ujue umeshampeleka miaka ambayo hakukutuma umpeleke. Nikamwambia mdogo wangu, neno la kwanza la kubadilisha ni hilo.

Walikuja na karatasi nane zimepigwa pini, juu zimeandikwa KATIBA. Nembo ipo, ya jembe na kitabu. Kaulimbiu ipo. Nikazifunua zote nane, nikawauliza: "Kusi lenu lini?"

Hawakuelewa. Nikawaeleza ya babangu wa Wesha, kama nilivyoyaeleza hapa. Wa bodaboda ndiye aliyeingia mwanzo. "Kama mkataba wa boda," akasema. "Unapeleka marejesho, siku ya mwisho inajulikana, chombo chako, hakuna anayedaiwa."

"Sasa sisi," mdogo wangu akasema, "tuanze kaskazi, tuvunje mwezi wa nne, tugawane, anayetaka tena aseme."

Mpishi akaruka. "Mwezi wa nne ndio nakosa kazi mie! Nyie mnavunja ndio mie naanza kuja?"

Wakazozana mpaka Alasiri, ikaonekana kwamba wanne kati ya saba wana shida ya kusi na watatu wana shida ya kaskazi, na kwamba walikuwa hawajawahi kuliuliza jambo hilo, pamoja na karatasi nane. Nikauliza shamba la nani. La mjomba wa yule mwenye faili. Mti mnaruhusiwa? Hawajui. Akioa mmoja, mkewe anaingia ama mume anatoka? Wakatazama chini. Nani atapika? Wote wawili wakamtazama mpishi, naye akanitazama mie.

"Muulizeni kama ana fungu," nikawaambia.

Mie siwezi kuwakataza, na sitaki. Mjini wanalipa miezi sita kwa mkupuo wakalale wawili godoro moja. Wakirudi na tarehe, nitawapa masufuria makubwa yaliyobaki ya lile shamba letu, yamo stoo kwa mamangu, na tangi ninalo uani, kuku wanalala juu yake.

Kabla hawajaondoka niliwawekea machungwa. Mwana wa baba mdogo aliniletea pakacha zima wiki ile. Kila mwaka huniletea. Mdogo wangu alikula manne kwa mkupuo, akauliza mazuri hivi yametoka wapi. Nikamwambia yametoka njia ya Konde, mpakani. Akasita, ganda mkononi.

"Kumbe ni yenu?"

"Kula," nikamwambia. "Boti itakuacha."